Kichaa cha watengeneza kofia na zebaki ya mialo yetu

Alfajiri ya tarehe 26 Aprili 1865, askari wa farasi wa Marekani walikuwa wamelizingira ghala la tumbaku katika shamba moja jimboni Virginia. Ndani alijificha John Wilkes Booth, mwigizaji wa jukwaani aliyempiga risasi Rais Abraham Lincoln siku 12 kabla. Amri ilikuwa akamatwe akiwa hai. Ghala likatiwa moto ili joto na moshi vimtoe. Sajini mmoja akachungulia kwenye upenyo wa mbao, akalenga, akafyatua. Booth akaanguka na risasi ya shingo, akafa saa chache baadaye. Sajini alipoulizwa kwa nini amevunja amri, alijibu kwamba Mungu ndiye aliyemwongoza.

Jina lake lilikuwa Boston Corbett, mzaliwa wa London, na kabla ya kushika bunduki alikuwa fundi wa kofia. Wenzake walishazoea vituko vyake. Mwaka 1858 alijihasi mwenyewe kwa mkasi ili asishawishiwe na wanawake, kisha akaenda kwenye ibada na kula chakula cha jioni kabla ya kumtafuta daktari. Mwaka 1887, akiwa bawabu katika Bunge la jimbo la Kansas, alichomoa bastola na kuwatimua watu ukumbini. Alitangazwa kuwa mgonjwa wa akili na kufungiwa hospitalini mjini Topeka. Mwaka uliofuata akapata upenyo, akarukia farasi, akatoroka.

Kwa Mwingereza au Mmarekani wa wakati ule, habari ya fundi wa kofia aliyerukwa na akili haikuwa ya kushangaza. Walikuwa na msemo wake tayari: “mad as a hatter”, yaani fulani ni kichaa kama mtengeneza kofia. Ulikuwa msemo wa vijiweni na wa vilabu vya pombe. Siku hizi umezeeka. Vijana wa London hawausemi, na wengi wanaoufahamu wameupata kwenye filamu ya mwaka 2010 ambamo Johnny Depp amevaa kofia ndefu na wigi la rangi ya chungwa.

Filamu hiyo ilitokana na kitabu kilichotolewa mwaka uleule wa Corbett, 1865. Mwandishi wake alijiita Lewis Carroll, ingawa jina lake halisi lilikuwa Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Oxford. Wasomaji wa Kiswahili wamekijua kitabu hicho tangu 1940, kilipotoka kwa jina la *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, na Ida Hadjivayanis akakitafsiri upya mwaka 2015. Humo mna karamu ya chai isiyokwisha, na mwenyeji mmoja wa karamu hiyo ni mtengeneza kofia anayeuliza mafumbo yasiyo na jibu na kugombana na saa yake. Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba kitabu hakimwiti “kichaa” kama jina. Anaitwa Mtengeneza Kofia tu. Carroll hakuhitaji kuongeza neno, kwa kuwa kila msomaji wake alikuwa na msemo ule mdomoni.

Msemo wenyewe ni mkongwe kuliko kitabu. Ulichapishwa mwaka 1829 katika jarida la *Blackwood's* la Edinburgh, na mwaka 1836 ukatumiwa na Thomas Haliburton, mwandishi wa Kanada. Ulikotoka ndiko kwenye ubishi. Wapo wanaomtaja Roger Crab, muuza kofia wa mji wa Chesham katika karne ya 17, aliyeacha biashara, akagawa mali yake kwa maskini na kuishi kwa kula majani ya porini. Wapo wanaodai kwamba mnyama aliyekusudiwa mwanzoni alikuwa nyoka, “adder” kwa Kiingereza, na ndimi za watu zikaligeuza jina lake hadi likawa “hatter”, fundi wa kofia. Hoja ya nyoka naiona ya kulazimisha. Ya Crab inachekesha, lakini alikufa mwaka 1680, karibu karne moja na nusu kabla ya msemo kuonekana kwenye maandishi. Hoja ya tatu inahusu sumu. Hata yule asiyekubali kwamba ndiyo iliyozaa msemo hawezi kukana kwamba sumu yenyewe ilikuwepo na iliwapata mafundi wa kofia.

Kofia ya mwanamume wa Ulaya wa zama hizo haikufumwa wala kushonwa. Ilitengenezwa kwa felti, yaani manyoya ya mnyama yanayoloweshwa kwa maji ya moto, kukandamizwa na kusuguliwa hadi yashikamane na kuwa kitu kimoja kigumu. Manyoya bora yalikuwa ya biva, mnyama wa mitoni huko Amerika Kaskazini, kwa sababu yana vijino vidogo vinavyong'ang'aniana vyenyewe. Biva waliwindwa hadi wakaadimika, bei ikapanda, na wenye viwanda wakageukia sungura. Manyoya ya sungura ni laini na yanateleza, hayashikani bila dawa. Dawa iliyopatikana ilikuwa zebaki iliyoyeyushwa katika asidi ya naitriki.

Mafundi walikuwa na hadithi yao kuhusu namna dawa hiyo ilivyogunduliwa. Walisema zamani manyoya yaliloweshwa kwa mkojo wa wafanyakazi, na kila karakana ilitumia wa watu wake. Ikaonekana kwamba fundi mmoja hutoa felti nzuri kuliko wenzake wote. Alipodadisiwa, kumbe alikuwa akitibiwa kaswende, na tiba ya kaswende siku hizo ilikuwa zebaki. Kama ni kweli au ni porojo za karakana, hadithi hiyo inaonyesha jinsi watu wa kazi hiyo walivyoishi na zebaki kwa mazoea. Ufaransa maarifa hayo yalifanywa siri ya ufundi, na inasemekana yalivukishwa hadi Uingereza na Waprotestanti waliokimbia mateso ya mfalme wao mwishoni mwa karne ya 17.

Ngozi ya sungura ilipigwa brashi iliyochovywa kwenye dawa, kisha ikakaushwa kwa moto. Ncha za manyoya zilibadilika rangi zikawa za chungwa, na ndiyo sababu Waingereza waliita hatua hiyo “kutia karoti”. Manyoya yakanyolewa, yakapeperushwa juu ya pia ya shaba yenye matundu, yakamwagiwa maji ya moto. Kilichotoka hapo kilikuwa kama mfuko mkubwa, laini, unaoweza kufunika kichwa na mabega ya mtu. Mafundi walisimama kuzunguka sufuria kubwa la maji yanayochemka, kila mmoja akichovya mfuko wake, akiuviringisha kwa mikono juu ya ubao, akiuchovya tena. Mfuko ukasinyaa hadi kufikia kipimo cha kichwa. Baadaye ikaja pasi ya moto ya kunyoosha ukingo. Kila hatua yenye moto ilifukuza zebaki kutoka kwenye manyoya na kuijaza hewani. Madirisha yalifungwa, maana upepo uliharibu manyoya na baridi ilichelewesha kazi, na fundi alilipwa kwa idadi ya kofia.

Zebaki ni metali ya ajabu. Ukimeza tone lake kutoka kwenye kipimajoto kilichovunjika, karibu lote litapita tumboni na kutoka. Hatari yake kubwa ni mvuke, usio na rangi wala harufu, unaotoka hata katika joto la kawaida la chumba. Asilimia 80 hivi ya mvuke unaovutwa hubaki mwilini, na kutoka mapafuni huingia kwenye damu hadi kwenye ubongo.

Dalili zilianza kidogo kidogo. Fizi zilivimba, mate yakajaa mdomoni, meno yakalegea. Vidole vikaanza kutetemeka, halafu kope, halafu ulimi. Mtu akashindwa kunywa supu bila kuimwaga, au kufunga kifungo cha shati. Mwandiko ukaharibika, na madaktari walikuwa wakiwapa wagonjwa karatasi waandike majina yao ili kupima ugonjwa umefika wapi. Katika mji wa Danbury, jimbo la Connecticut, watu waliziita dalili hizi “mitetemo ya Danbury”. Wengi waliamini ni pombe. Mafundi wa kofia walikunywa kweli, kama walivyokunywa wafanyakazi wengine wa viwandani, na sifa hiyo iliwarahisishia wenye viwanda maisha: mlevi akitetemeka, nani amlaumu tajiri?

Upande wa akili ndio ulioniduwaza niliposoma maelezo ya madaktari. Mgonjwa wa zebaki hafanani hata kidogo na yule mpayukaji wa karamu ya chai. Anakuwa na haya kupita kiasi. Anaona aibu mbele ya watu, anakwepa wageni, na akitazamwa wakati anafanya kazi mikono humshinda kabisa. Mtu aliyekuwa msemaji anakuwa wa kujifungia ndani. Papo hapo ana hasira za ghafla, kumbukumbu inampotea, usiku hapati usingizi. Mwaka 1983 daktari Mwingereza, H. A. Waldron, aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba mhusika wa Carroll hana ugonjwa wa zebaki, kwa sababu mgonjwa halisi asingethubutu kuwakaribisha watu mezani na kuwadhihaki. Kuna wanaosema Carroll alimchora mhusika wake kutokana na Theophilus Carter, muuza samani wa Oxford aliyependa kusimama mlangoni pa duka lake akiwa amevaa kofia ndefu. Huyo hakuwa hata mtengeneza kofia.

Kwa hiyo msemo uliwachekesha watu kwa picha isiyo sahihi. Walimcheka kichaa mwenye makelele, ilhali mgonjwa mwenyewe alikuwa amejificha chumbani akiona haya kushika kikombe mbele ya wanawe. Kwa Corbett pia nisingeapa. Wako wanaoamini kwamba zebaki ilichangia mambo yake, na kazi aliyoifanya inawapa sababu ya kuamini hivyo, lakini hakuna aliyempima.

Ambao walipimwa ni wengine. Mwaka 1860 daktari J. Addison Freeman wa mji wa Orange, New Jersey, alieleza ugonjwa wa mafundi wa kofia, akataja chanzo chake na kushauri vyumba viingizwe hewa. Mwaka 1878 daktari L. Dennis alikagua viwanda 25 vya eneo la Newark vilivyokuwa na mafundi 1,589, akakuta kama robo yao wana ugonjwa wa zebaki. Wenye viwanda waliipata taarifa, na hakuna kilichobadilika. Danbury wakati huo ilikuwa ikitoa mamilioni ya kofia kwa mwaka na kujigamba kwamba inavivika taji vichwa vya watu wote.

Marekani ilikomesha matumizi ya zebaki katika felti tarehe 1 Desemba 1941, miaka 81 baada ya maandishi ya Freeman. Ningependa kusema kwamba huruma ndiyo iliyoshinda. Ukweli ni kwamba wakati huo vita vya dunia vilikuwa vimepamba moto, na zebaki ilitakiwa kwa ajili ya viwashio vya risasi na mabomu. Dawa mbadala ya kushikamanisha manyoya, isiyo na zebaki, ilikuwa imekwisha patikana. Zebaki ya kofia ikahamia kwenye silaha. Ile iliyomwagwa na viwanda ingali kwenye tope la Still River, mto unaopita Danbury, na watafiti wameendelea kuipima humo hadi karne hii.

Hapa wapenzi wa soka waniruhusu kidogo. Luton Town, iliyopanda Ligi Kuu ya England msimu wa 2023/24 na kushuka msimu huohuo, inaitwa kwa utani “watengeneza kofia”. Kuna wanaodhani kwamba jina hilo linatokana na vichaa wa kofia. Luton ilijulikana zaidi kwa kofia za majani makavu, ambazo hazihitaji zebaki. Timu yenye haki zaidi ya kudai historia ya felti ni Stockport County, ambayo nayo ina jina hilohilo la utani.

Australia neno hilohilo lilipata maana nyingine. Katika karne ya 19, mchimbaji dhahabu aliyeishi na kufanya kazi peke yake porini aliitwa mtengeneza kofia, na ilichukuliwa kwamba upweke umemharibu akili. Sijui kama waliomwita hivyo waliwahi kutazama alichokuwa nacho kwenye mkoba wake, kwa kuwa zebaki ilikuwa kitendea kazi cha wachimbaji dhahabu wa karne hiyo katika pembe nyingi za dunia. Na bado ni kitendea kazi chao, kuanzia Geita na Chunya hadi Migori.

Nenda kwenye mwalo wowote, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, wa wachimbaji wadogo Kanda ya Ziwa. Mawe yaliyotolewa kwenye maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, yanapondwa kwa nyundo, mara nyingi na wanawake waliokaa chini ya turubai, kisha yanasagwa kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe. Unga unaoshwa kwa maji juu ya ubao ulioinama uliotandikwa magunia. Mchanga mzito unaonaswa na magunia unakung'utiwa kwenye beseni, zebaki inamiminwa kutoka kwenye kichupa, na mtu anaingiza mikono mitupu, anakanda. Zebaki inazikamata chembe za dhahabu zisizoonekana kwa macho. Inakamuliwa kwenye kipande cha kitambaa, na kinachobaki ni kitonge kidogo cheupe kinachong'aa. Kitonge kinawekwa kwenye kijiko au kifuniko cha kopo juu ya mkaa. Baada ya dakika chache weupe unaondoka, na njano inajitokeza. Zebaki imekwenda hewani, na anayeivuta kwanza ni yule aliyeinama kupuliza moto.

Kazi hii haiishii mwaloni. Wengine huchoma nyumbani, jikoni, kwa kuhofia wezi au kwa kuwa mvua inanyesha, watoto wakiwa pembeni. Dhahabu ikifika mjini, mnunuzi huichoma tena dukani kwake, kwa sababu zebaki iliyobaki ndani inamwongezea uzito asiotaka kuulipia. Mara nyingi mnunuzi huyohuyo ndiye aliyetoa zebaki kwa mkopo ili dhahabu irudi kwake. Katika kijiji cha Rwamagasa, Geita, ambako Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda liliendesha mradi kuhusu zebaki, watafiti waliopima afya za watu mwaka 2003 walikuta baadhi ya wachomaji wana dalili za sumu hiyo. Mitetemo ilikuwemo.

Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayoingizwa hewani na binadamu, asilimia 38 hivi ya yote. Kiwango hicho ni kikubwa kuliko cha makaa ya mawe. Mkataba wa kuidhibiti unaitwa Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini na ugonjwa wa waliokula samaki ukatambuliwa mwaka 1956. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba huo unazitaka nchi zenye wachimbaji wadogo wengi ziwe na mpango wa kukomesha uchomaji wa wazi na uchomaji kwenye makazi ya watu.

Kukomesha si kutia saini, na wachimbaji wana hoja yao. Zebaki ni rahisi, inafanya kazi haraka, na mtu anayeoga vumbi kutwa nzima anataka apate pesa yake jioni. Sianidi inatoa dhahabu nyingi zaidi, lakini ina hatari zake na inahitaji mtaji. Huko Benguet, Ufilipino, wachimbaji wadogo wamekuwa wakisafisha dhahabu kwa kuikung'uta vizuri na kuiyeyusha kwa boraksi bila zebaki, na wanafanikiwa, ila ufundi huo lazima ufundishwe mtu kwa mtu. Kuna pia njia iliyo karibu zaidi: chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, kinachonasa mvuke wa zebaki na kuurudisha kuwa kimiminika. Zebaki hiyo hutumika tena, maana yake mchimbaji haikopi upya kila wiki. Kinachokwamisha ni kwamba mwenye dhahabu anataka kuiona ikibadilika rangi mbele ya macho yake, na ndani ya chuma haioni.

Sitaki kuwasema wachimbaji peke yao. Zebaki imo pia katika baadhi ya krimu za mkorogo, za kujichubua ngozi, zinazopigwa marufuku kila mwaka na kupatikana kila mwaka kwenye vibanda vya vipodozi. Anayejipaka anaipitisha kwenye ngozi, na wanaolala naye chumba kimoja nao hawako salama.

Kwa upande wa dhahabu, Serikali ya Tanzania imeukubali mkataba na sheria ipo. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha vyombo vya kunasia mvuke vinafika mialoni kwa bei ambayo kikundi cha wachimbaji kinaweza kulipa, na kwamba duka la mnunuzi halipewi leseni kama halina mfumo wa kunasa moshi. Wewe msomaji, kama una ndugu anayechoma dhahabu, mwambie achomee nje, mbali na watoto na vyakula, wala asikae upande ambao moshi unaelekea. Na kama mikono yake inatetemeka, fizi zinatoka damu, analalamika ladha ya chuma mdomoni, au ghafla amekuwa mtu wa hasira na kujificha, asikubali kuambiwa ni pombe. Aende hospitali, na jambo la kwanza amwambie daktari kwamba anashika zebaki. Kipimo chake ni cha mkojo.